Wosia ukiungua mahakamani, mirathi hurudishwaje?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Nimepata barua kutoka kwa dada mmoja ambaye ameomba jina lake lisitajwe, nami sitalitaja. Anaeleza kuwa baba yake alifariki miaka mingi iliyopita na aliacha wosia. Wosia ulipelekwa mahakamani, msimamizi wa mirathi akateuliwa, mali ikagawanywa, na nyumba ya vyumba sita ikaandikwa kuwa ya mama yao. Sasa mama naye amefariki. Arobaini haijapita, ndugu wa marehemu baba wakajitokeza na kudai kwamba nyumba ni ya ukoo, na kwamba hapakuwa na wosia wowote.

Dada huyu akaenda mahakamani kuomba nakala ya shauri lile. Karani wa masjala alitafuta kwa siku tatu, kisha akamwambia yale maneno mawili ambayo wengi wetu tumepata kuyasikia: "Jalada halionekani." Akamweleza kwamba mvua za mwaka mmoja ziliingia stoo na majalada mengi yakaoza.

Dada anauliza: je, jalada likipotea, na haki yangu imepotea?

Jibu langu ni kwamba haki haijapotea. Lakini kuirudisha kuna kazi, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Utaratibu wenyewe tutauelewa vizuri tukiangalia wenzetu waliopatwa na msiba wa namna hii kwa kiasi kikubwa mno. Leo basi naomba tusafiri kidogo hadi Dublin, mji mkuu wa Ayalandi.

Katika mji huo, kando ya mto Liffey, lipo jumba kubwa la mahakama liitwalo Four Courts. Nyuma ya mahakama hizo, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1867, ilianzishwa Hifadhi ya Nyaraka ya taifa. Lilijengwa ghala la ghorofa sita, na humo zikakusanywa kumbukumbu za nchi za karne saba: hesabu za serikali, hukumu za mahakama, vitabu vya ubatizo na mazishi, orodha za watu waliohesabiwa, na wosia za watu wa kila namna, kuanzia mabwana wenye mashamba makubwa hadi wenye maduka na wakulima wa kawaida.

Nia ilikuwa njema. Wosia zilizokuwa zimetawanyika katika mahakama za kanisa za majimbo zikiliwa na panya ziliondolewa huko zikaletwa mahali pamoja, penye rafu za chuma na watunzaji wenye ujuzi. Kati ya ghala na nyumba ya wasomaji waliacha nafasi, ili moto ukianzia upande mmoja usirukie wa pili. Waliogopa moto wa jiko na wa taa. Moto wa vita hawakuufikiria.

Mwaka 1922 Waairishi waligawanyika juu ya mkataba waliotiliana na Uingereza. Mwezi Aprili wapiganaji walioupinga mkataba waliliteka jumba la Four Courts pamoja na ghala la nyaraka, na ndani yake wakaweka baruti na mabomu. Watunzaji wakafukuzwa kazini kwao. Tarehe 28 Juni majeshi ya serikali mpya yakaanza kulipiga jumba kwa mizinga. Tarehe 30 Juni ukatokea mlipuko mkubwa, na ghala likateketea. Kila upande uliutupia mwingine lawama. Karatasi zilizoungua nusu zilirushwa juu angani, upepo ukazichukua, zikaanguka mitaani na hata huko Howth, zaidi ya kilomita 10 kutoka mjini. Watu waliokuwa wakipita waliokota vipande vya wosia za watu wasiowajua.

Karibu wosia zote za asili za kabla ya mwaka 1858 zilikwisha hapo. Zile za asili zilizofuata, zilizokwisha kuhamishiwa ghalani, nazo zikaenda. Orodha za sensa za mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851 zikaungua, yakabaki mabaki machache. Vitabu vya parokia zaidi ya elfu moja za Kanisa la Kianglikana la nchi hiyo viliungua pia.

Ndugu msikilizaji, hebu simama kidogo hapo. Ungekuwa wewe ndiye mtunzaji wa nyaraka, siku ya pili unaingia ofisini na ofisi haipo, ungeanzia wapi?

Jambo la kwanza ni kujua kilichopotea. Ni jambo dogo kulisema, lakini bila ya hilo hakuna linalofuata. Kwa bahati, mtunzaji mmoja wa hifadhi hiyo, Herbert Wood, alikuwa amechapisha mwaka 1919 kitabu cha kuwaongoza wasomaji, kinachoeleza kila fungu la nyaraka lililokuwamo. Miaka mitatu baadaye kitabu hicho kiligeuka kuwa orodha ya marehemu. Aidha, faharasa nyingi za wosia zilinusurika, kwa kuwa hazikuwa katika ghala lililoteketea. Ukifungua faharasa hizo unaona jina la mtu, mahali alipoishi, na mwaka ambao wosia wake ulithibitishwa. Wosia wenyewe haupo. Lakini mtu akisema, "Babu yangu hakuacha wosia," faharasa inajibu, "Aliacha, na mahakama iliuona."

Jambo la pili ni kutafuta nakala. Na hapa ndipo utaratibu wa zamani wa mahakama ulipowasaidia bila ya mtu kukusudia. Hadi mwaka 1857 mambo ya wosia Ayalandi yalikuwa mikononi mwa mahakama za kanisa. Kila jimbo la askofu lilikuwa na mahakama yake, na marehemu aliyekuwa na mali ya zaidi ya pauni 5 katika majimbo mawili, wosia wake ulipelekwa kwenye mahakama kuu ya Askofu Mkuu wa Armagh. Sheria mpya iliyoanza kazi mwaka 1858 iliondoa shughuli hiyo kanisani. Ikaanzishwa masjala kuu Dublin na masjala 11 za wilaya, kama vile Cork, Limerick, Belfast na Waterford.

Makarani wa masjala za wilaya walikuwa na kazi moja ya kuchosha. Kila wosia ulioletwa waliunakili neno kwa neno katika kitabu kikubwa. Wosia wa asili baadaye ulisafirishwa Dublin, kitabu kikabaki wilayani. Mwaka 1922 wosia za asili ziliungua Dublin na vitabu vikasalimika wilayani. Masjala kuu ya Dublin nayo ilikuwa na nakala zake, ila zilihifadhiwa mji ule ule, na nyingi zikaungua pamoja na za asili. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mkulima wa Cork aliyekufa mwaka 1870 wosia wake unasomeka leo, na tajiri wa Dublin aliyekufa mwaka huo huo huenda imebaki mistari michache tu katika orodha ya mwaka iliyochapishwa: jina, kazi, tarehe ya kufa, majina ya wasimamizi na thamani ya mali.

Jambo la tatu ni kuuliza: nani mwingine aliyekuwa na sababu ya kuandika habari hizi? Mtu anapokufa na kuacha mali, mahakama si peke yake inayotaka kujua. Mtoza kodi anataka kujua. Ayalandi, idara ya kodi ilikuwa ikiandika muhtasari wa kila wosia ili ipate chake, na madaftari yake ya mwaka 1828 hadi 1839 yapo. Tume iliyosimamia sadaka ilinakili sehemu za wosia ambamo marehemu aliacha fedha kwa maskini au kwa kanisa, isije ikazungukwa na warithi. Ofisi ya usajili wa hati za ardhi, iliyoanza mwaka 1708, ilikuwa katika mtaa mwingine kabisa, moto haukuifikia. Humo baadhi ya watu walikuwa wamesajili wosia ili kulinda mashamba yao. Waumini wa madhehebu ya Quaker nao, wenye desturi ya kuandika kila kitu, walikuwa na vitabu vyao wenyewe vya wosia za wenzao.

Halafu alikuwako Sir William Betham, mtaalamu wa nasaba, aliyefariki mwaka 1853. Mzee huyu alipitia wosia za mahakama kuu ya Armagh hadi za mwaka 1800 na kuandika muhtasari wa maelfu yake katika daftari. Yeye alitaka kujua nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani. Mashamba na fedha hayakumshughulisha, kwa hiyo mara nyingi aliyaacha. Leo madaftari yake yanakuambia marehemu alikuwa na watoto wangapi na majina yao, lakini hayakuambii nani alipewa nini. Kila nakala hubeba kile ambacho mwandishi wake alikihitaji. Mwenye kurudisha kumbukumbu lazima alijue hilo, asije akaidai nakala iseme ambalo haikuandikwa kulisema.

Jambo la nne ni kwenda kwa watu. Hifadhi ya Nyaraka iliomba mawakili na familia wafungue makabati na masanduku yao. Zikaja nakala zilizogongwa muhuri wa mahakama, barua za kuteua wasimamizi, orodha za mali. Nyingine zilitoka ofisi za mawakili ambao wateja wao walikufa zamani. Kila iliyopatikana iliandikiwa kadi na kupangwa kwa jina. Tume ya Maandiko ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka 1928, ikachapisha vitabu vya muhtasari wa wosia zilizokutwa katika ofisi ya hati za ardhi.

Kuna kisa kimoja katika habari hii ambacho kinanigusa. Pensheni ya wazee ilipoanza kulipwa Januari 1909, masharti yalikuwa mtu awe ametimiza miaka 70. Wazee wengi wa vijijini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa uandikishaji wa vizazi kwa watu wote ulianza mwaka 1864. Wakaruhusiwa kuomba watafutiwe majina yao katika sensa za mwaka 1841 na 1851. Mzee akitaja wazazi wake na kijiji chake, karani alitafuta na kuandika katika fomu alichokiona. Sensa zikaungua. Fomu zikabaki. Kwa hiyo jamaa maskini aliyekwenda kudai shilingi zake chache aliihifadhia familia yake habari ambazo taifa zima lilizipoteza. Anayeomba nakala ya hati yake leo haombi hisani, anaongeza shahidi wa pili.

Kazi ile haijakoma hadi leo. Mabaki yaliyookotwa majivuni yalifungwa katika mafurushi 378, yakakaa miongo mingi bila kufunguliwa kwa kuhofia kuyavunja. Miaka ya karibuni mafundi wameyafungua, na maelfu ya kurasa zilizokunjamana kwa joto zimenyooshwa na kusomwa. Juni 2022, miaka 100 baada ya moto, wasomi wakiongozwa na Chuo cha Trinity cha Dublin walizindua hifadhi inayosomwa bure kwa kompyuta. Wamekusanya nakala kutoka maktaba na hifadhi zaidi ya 70, za ndani na nje ya nchi. Ghala lililoungua wamelichora upya, rafu kwa rafu, na kila nakala inayopatikana hurudishwa kwenye rafu yake.

Sasa, ndugu msikilizaji, utasema: hayo ni ya wenye historia. Dada yetu anataka nyumba. Mahakama yenyewe huamuaje?

Kipo kisa cha Uingereza kinachosimuliwa sana na wanasheria. Mwaka 1875 alifariki mzee wa miaka 93, Lord St Leonards, aliyewahi kushika cheo cha juu kabisa cha sheria Uingereza na kabla ya hapo Ayalandi yenyewe. Alikuwa bingwa wa sheria za mali. Wosia wake aliuweka katika kisanduku nyumbani. Alipokufa kisanduku kikafunguliwa: nyongeza nane za wosia zilikuwapo, wosia wenyewe haumo. Sheria ya huko hudhani kuwa wosia uliokuwa mikononi mwa marehemu ukikosekana, basi aliuharibu mwenyewe kwa kubadili nia. Lakini binti yake Charlotte, aliyekuwa akimsaidia kazi na kuusoma wosia ule mara kwa mara, aliandika kwa kumbukumbu yale yaliyokuwamo. Mahakama ilimsikiliza, ikapima maneno yake na zile nyongeza nane na yale ambayo mzee alipata kuwaambia wengine. Mwaka 1876 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba wosia ulikuwapo, haukufutwa, na ulisema hivyo alivyosema binti, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa warithi.

Angalia mambo matatu yaliyopimwa pale: je, wosia ulikuwapo kweli? Je, ulipotea bila ya mwenyewe kukusudia kuufuta? Na ulisema nini? Yeyote anayerudisha wosia uliopotea lazima ayajibu yote matatu, moja baada ya jingine. Na wosia uliokwisha kupokewa mahakamani una nafuu, kwa sababu maswali mawili ya kwanza hujibiwa na daftari la mahakama.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Moto huwaita waongo. Kumbukumbu zikiungua, kila mjanja hukumbuka kwamba shamba la jirani lilikuwa la babu yake. Mji wa Chicago ulipoungua Oktoba 1871, kumbukumbu za mahakama na za ardhi ziliteketea. Kampuni binafsi zilizokuwa zikiandika muhtasari wa hati za wateja ziliokoa vitabu vyao moto ukiwa unakuja, na sheria ya mwaka 1872 ikaruhusu vitabu hivyo viwe ushahidi. San Francisco ilipopata tetemeko na moto mwaka 1906, sheria ya mwaka huo ilitaka kila anayedai ardhi awe anaikalia kwa amani, afungue shauri, aeleze alivyoipata, abandike tangazo kwenye kiwanja na kulitangaza gazetini. Mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema. Akinyamaza, mahakama inatoa hukumu, na hati mpya inaanza hapo. Ndiyo maana tangazo dogo la gazeti, lile ambalo wengi wetu tunaliruka kwenda kusoma mpira, laweza kuwa ndilo linaloamua mwenye nyumba.

Turudi kwa dada yetu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inakubali kwamba hati ya asili ikipotea au kuharibika, yaliyomo yaweza kuthibitishwa kwa nakala au kwa ushahidi mwingine unaoruhusiwa. Na mahakama zetu zimekuwa zikiamuru jalada lililopotea liundwe upya kutokana na karatasi zilizomo mikononi mwa wahusika. Kwa hiyo, dada, usiridhike na maneno mawili ya karani.

Kwanza, omba jibu kwa maandishi kwamba jalada limetafutwa na halikupatikana. Karatasi hiyo ndiyo mlango wa kuomba liundwe upya. Pili, omba litazamwe daftari la kusajili mashauri ya mwaka ule. Jalada huweza kuoza na daftari likabaki, nalo lina namba ya shauri na majina. Tatu, fuata nyayo za mali yenyewe. Benki iliyotoa fedha za marehemu ilionyeshwa barua ya usimamizi na huenda ilibaki na nakala. Ofisi ya ardhi iliyobadili jina la nyumba haikubadili kwa mdomo. Mwajiri aliyelipa kiinua mgongo naye aliomba karatasi. Nne, mtafute msimamizi wa mirathi au watoto wake, na mashahidi waliotia saini, na wajumbe wa kikao cha ukoo. Wazee hawa waandikwe maelezo yao mapema, maana kumbukumbu ya mtu nayo ni jalada, na stoo yake haina miaka mingi. Tano, kusanya stakabadhi za kodi ya jengo alizolipa mama yako kwa miaka yote ile bila mtu kumpinga. Ukisha kuwa navyo, mwone mwanasheria, na kama huna uwezo, yapo mashirika yanayotoa msaada wa sheria bure.

Nanyi wengine ambao jalada lenu bado lipo, msingoje mvua. Shauri la mirathi likimalizika, ombeni nakala zilizogongwa muhuri, zaidi ya moja. Moja ikae kwenu, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, si kabati la chumba cha pili. Anayeandika wosia, auandike kwa kufuata sheria, kisha auweke mahali zaidi ya nyumbani. Tanzania, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea wosia na kuzihifadhi. Na mwambie mtu unayemwamini mahali ulipo, kama yule mzee wa Uingereza alivyomsomea binti yake.

Na kwa wenye dhamana ya masjala zetu: kompyuta ni jambo jema, lakini nakala ya kompyuta iliyohifadhiwa chumba kimoja na jalada lake ni kama zile nakala za Dublin zilizokaa mji mmoja na wosia. Karani wa Cork aliyenakili wosia hadi vidole vikamuuma hakujua kwamba alikuwa akiwafanyia kazi watu wa karne nyingine. Alifanya tu kazi yake sawasawa, kila siku, na kitabu akakiacha pale pale wilayani.

Dada, ukipata lile jibu la maandishi, niandikie tena. Kwaherini hadi juma lijalo.